Kifungu cha 17: Neno la Malawi juu ya Mauaji ya Kimbari



Kamati imeniomba niandike historia kidogo kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu la tarehe 9 Desemba. Ni tarehe hiyo, mwaka 1948, mjini Paris, ambapo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa. Nilikusudia kuandika habari za Paris. Lakini kuna jambo lilitokea darasani kwangu, nikaona afadhali niandike habari za hapahapa Malawi tulipo.

Wanafunzi wawili waligombania nafasi kwenye dawati. Maneno yakazidi, mmoja akamwambia mwenzake: "Wewe mtoto wa wauaji!" Watoto hao wote wawili wamezaliwa Dzaleka. Hakuna aliyewahi kuiona nchi ambayo ugomvi wake ameurithi. Darasa zima likanyamaza na kunitazama mimi. Nami, niliyesomea ualimu na kufundishwa chuoni jinsi ya kutuliza darasa, sikupata neno. Niliwapa zoezi la hesabu.

Jioni nikafungua sanduku langu, nikatoa nakala ya Katiba ya Malawi. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Lilongwe wakati nilipokuwa nikiishi Area 47, kabla ya agizo la mwaka 2023 la kuwataka wakimbizi wote warudi kambini. Ukifungua Sura ya 4, ile ya haki za binadamu, kifungu cha 16 kinahusu haki ya kuishi. Kinachofuata, cha 17, ni kifupi kuliko karibu vyote. Kinasema kwamba matendo ya mauaji ya kimbari yamekatazwa, na kwamba yatazuiwa na kuadhibiwa. Basi. Hakitaji kabila, hakitaji raia wala mgeni, hakitaji kifungo cha miaka mingapi wala mahakama ipi. Mbele kidogo, Katiba hiyohiyo inapotaja haki ambazo serikali haiwezi kuzipunguza hata wakati wa hali ya hatari, katazo la kimbari limo katika orodha hiyo.

Sasa tuangalie tarehe. Katiba hii ilianza kutumika kwa muda tarehe 18 Mei 1994, siku moja baada ya uchaguzi uliomwondoa Dakta Hastings Kamuzu Banda, na mwaka mmoja baadaye ikathibitishwa. Wenzetu Wanyarwanda wanaijua Mei ya mwaka 1994. Mauaji ya Watutsi yalikuwa yameanza tarehe 7 Aprili, yakaendelea hadi Julai. Umoja wa Mataifa unakadiria waliokufa kuwa zaidi ya 800,000, serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Siku zilezile ambazo Wamalawi walikuwa wamepanga foleni kupiga kura, katika nchi nyingine ya Afrika watu walikuwa wakisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuulizwa vitambulisho.

Sidai kwamba walioandika kifungu cha 17 walikuwa wakiitazama Rwanda. Walikuwa na yao. Walikuwa wametoka katika miaka 30 ya utawala wa mtu mmoja, na mahali hapa tunapolala ni ushahidi: kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka lilikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Wazee wa Dowa watakwambia kwamba kwa Kichewa jina lenyewe lina maana ya mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Aidha, Malawi iliwahi kutoa wakimbizi wake yenyewe. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji kwa sababu walikataa kununua kadi ya chama. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1993. Siyaiti hayo mauaji ya kimbari, neno hili lisitumiwe ovyo. Lakini watu waliojua maana ya kuandamwa kwa sababu ya kundi lako ndio waliokalia meza ya Katiba.

Mkataba wa mwaka 1948 unalieleza kosa hili kwa namna ambayo kila mkimbizi anapaswa kuifahamu. Si kila mauaji ya watu wengi. Ni matendo yanayofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, kabila, rangi au dini: kuwaua watu wake, kuwadhuru vibaya mwili au akili, kuwawekea hali ya maisha ya kuwamaliza, kuwazuia wasizae, au kuwanyang'anya watoto na kuwapeleka kwa kundi jingine. Uzito wote uko katika neno "nia". Tena Mkataba unasema watakaoadhibiwa ni watu, wawe watawala, maofisa au raia wa kawaida. Makabila hayashtakiwi popote katika Mkataba huo.

Hapa nawaomba tulinganishe tarehe nyingine, kwa maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Kongo, nchi yangu, iliingia katika Mkataba tarehe 31 Mei 1962. Rwanda iliingia Aprili 1975. Burundi, Januari 1997. Malawi? Tarehe 14 Julai 2017. Kwa hiyo wengi wetu tumekimbia nchi zilizokuwa zimeahidi, tukapokewa na nchi ambayo kwa miaka 23 ya kwanza ya kambi hii ilikuwa haijaweka ahadi hiyo mbele ya mataifa. Ilikuwa na kile kifungu kifupi tu.

Kuahidi bila kuandaa kunaleta nini, Rwanda ilituonyesha. Mkataba unamtaka kila aliyeingia atunge sheria ya nchi yenye adhabu. Rwanda ilikaa tangu 1975 hadi 1994 bila sheria ya namna hiyo. Isitoshe, mwaka 1994 serikali ya Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mjumbe wa serikali iliyokuwa ikiua alikaa mezani pamoja na wale waliopaswa kuizuia. Tarehe 21 Aprili Baraza hilo likapunguza askari wake wa kulinda amani hadi kubaki 270.

Mauaji yalipokwisha, magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Ikawabidi watunge sheria mwezi Agosti 1996 kwa matendo ya mwaka 1994. Wanasheria hawapendi mtu aadhibiwe kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo, na Katiba ya Malawi nayo inakataza jambo hilo. Njia waliyoipata ni hii: sheria ilishika matendo ambayo tayari yalikuwa makosa katika kanuni zao za adhabu, kama kuua na kubaka, kisha ikayapanga wahusika katika makundi manne, toka wapangaji wakuu hadi waharibifu wa mali, na anayekiri akapunguziwa. Hata hivyo kesi zilikwenda polepole mno, ndipo zikaja mahakama za gacaca, zaidi ya 12,000, majirani wakihukumu majirani chini ya miti hadi zilipofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Wapo hapa kambini wanaosema ziliwapa nafuu ya kujua wapendwa wao walizikwa wapi. Wapo pia wanaosema zilitumiwa kulipiza visasi, na kwamba zilizungumza juu ya wafu wa upande mmoja tu. Nimesikiliza pande zote mbili kwenye baraza za nyumba hizi na siwezi kumwambia yeyote kwamba anaota.

Umoja wa Mataifa nao uliunda mahakama yake mjini Arusha, kwa azimio la tarehe 8 Novemba 1994. Serikali mpya ya Rwanda iliyokuwa imeiomba ilipiga kura ya kuipinga, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba mahakama hiyo haikuwa na adhabu ya kifo. Rwanda yenyewe ilikuja kuifuta adhabu hiyo mwaka 2007. Katika kesi zote za Arusha, moja inanigusa kuliko nyingine, kwa sababu mshtakiwa alikuwa mwalimu.

Jean-Paul Akayesu alifundisha, akawa mkaguzi wa shule, na mwezi Aprili 1993 akawa mkuu wa komini ya Taba, ambayo Wanyarwanda humwita burugumesitiri. Hukumu yake inaeleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mauaji yalipoanza, Akayesu alijaribu kuyazuia. Taba ikabaki na utulivu kiasi. Kisha tarehe 18 Aprili wakuu wa komini waliitwa kwenye mkutano na viongozi wa serikali ya muda. Alirudi mtu mwingine. Watutsi waliokimbilia ofisi ya komini wakidhani pana usalama, waliuawa na kubakwa mahali palepale, yeye akiwapo au akijua. Alikamatwa Zambia, jirani zetu hawa, mwezi Oktoba 1995.

Kesi ilianza Januari 1997, na katika mashtaka ya kwanza hapakuwa na neno lolote juu ya ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, ambaye mahakamani alijulikana kwa herufi tu ili kumlinda, alikuwa akieleza mambo mengine, ndipo akataja yaliyompata binti yake mdogo. Miongoni mwa mahakimu watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na maswali yakaendelea kuulizwa. Mwezi Juni mwaka huo mashtaka yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akapatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kulitenda kosa hilo. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mimi hurudia mara nyingi zile siku kumi na moja, toka tarehe 7 hadi 18 Aprili. Neno "kuzuia" katika Mkataba huonekana kama pambo. Kumbe katika komini moja ya mashambani lilikuwa jambo la mkuu mmoja na polisi wachache, nalo liliwezekana, hadi alipogeuka.

Nisiwe mwenye upendeleo. Burundi, mwaka 1972, Wahutu waliosoma walichukuliwa mashuleni, vyuoni na maofisini, walimu kwa wanafunzi, wasirudi. Mwaka 1993 familia za Kitutsi zikachinjwa baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na Wahutu wengi nao wakaangamia katika kulipiza. Huko kwetu Kivu, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 iliandika matukio 617 ya kati ya mwaka 1993 na 2003, na kusema kwamba baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi Wahutu yangeweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari kama yangethibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka. Ripoti si hukumu. Watu wa kwetu bado wanaisubiri hiyo mahakama.

Turudi Malawi, maana nilisema nitaandika habari zake. Kifungu cha 17 kimejaribiwa, na majibu hayakuwa sawa.

Mwezi Oktoba 2011 wakuu wa nchi za soko la pamoja la COMESA walikutana Lilongwe. Mmoja wa waliokuja ni Omar al-Bashir wa Sudan. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati mbili za kumkamata, na ile ya pili, ya Julai 2010, ilimtuhumu kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wafur, Wamasalit na Wazaghawa wa Darfur. Malawi ilikuwa mwanachama wa mahakama hiyo tangu mwaka 2002. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ilimpokea kwa heshima, akakutana na wenzake, akaondoka. Ilijitetea kwamba rais aliye madarakani ana kinga, na kwamba Umoja wa Afrika ulikuwa umewaambia wanachama wake wasimkamate. Tarehe 12 Desemba 2011 mahakama hiyo iliikatalia hoja hizo na kusema Malawi haikutimiza wajibu wake.

Rais Bingu alifariki Aprili 2012, akafuata Bi. Joyce Banda. Mkutano wa Umoja wa Afrika ulikuwa ufanyike Lilongwe mwezi Julai mwaka huo. Bi. Banda akasema Bashir asije. Umoja wa Afrika ukashikilia kwamba wote waalikwe. Malawi ikaachia mkutano, ukapelekwa Addis Ababa. Wapo waliosema alifanya hivyo kwa ajili ya fedha za wahisani, na ni kweli yeye mwenyewe alitaja hasara ambayo uchumi ungepata. Mimi naona sababu hiyo haiharibu tendo. Nchi ndogo isiyo na bahari wala mafuta ilikubali kupoteza mkutano mkubwa, na mtu aliyetafutwa kwa kosa hili hakukanyaga tena Lilongwe mwaka huo. Mwaka mmoja kabla, katika mji huohuo, chini ya Katiba hiyohiyo, alitandikiwa zulia.

Jaribio la tatu lilikuja karibu zaidi na mlango wetu. Desemba 2016 polisi mjini Lilongwe walimkamata mfanyabiashara mmoja Mnyarwanda aliyekuwa akitafutwa na nchi yake kwa mauaji ya mwaka 1994. Shauri lilichukua muda mrefu. Januari 2019 alikabidhiwa kwa Rwanda chini ya makubaliano ya nchi hizi mbili ya kuhamisha wafungwa. Wengine hapa kambini walipumua. Wengine waliogopa kwamba yeyote mwenye adui Kigali angeweza kuchukuliwa. Hofu hizi zote mbili zina haki ya kusikilizwa, na dawa yake ni moja, yaani hakimu, ushahidi, na mshtakiwa kupewa nafasi ya kujibu. Arusha ilishtaki watu 93, na 14 kati yao wakaachiwa huru kwa kuwa hatia haikuthibitishwa. Kwa bahati mbaya, baadhi ya walioachiwa walikaa miaka mingi katika nyumba moja Arusha kwa sababu hapakuwa na nchi iliyowataka, hadi Desemba 2021 wanane, wakiwamo pia waliomaliza vifungo, walipopelekwa Niger. Sisi tunaosubiri nchi ya tatu tunaielewa hali hiyo bila kufundishwa.

Nina neno kwa wafanyakazi wa mashirika. Sheria ya wakimbizi yenyewe, Mkataba wa mwaka 1951 na ule wa Afrika wa mwaka 1969, inamnyima hadhi ya ukimbizi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda makosa dhidi ya ubinadamu. Yale maswali marefu mnayotuuliza kwenye usaili, "ulikuwa wapi, ulifanya kazi gani, nani alikuwa mkubwa wako," wengi wetu huyaona ni mateso. Lakini kumbukeni Goma, Julai 1994, walipovuka watu mamia ya maelfu kwa siku chache. Wauaji walivuka pamoja na raia, wakazishika kambi, wakasimamia mgao wa chakula, wakawazuia watu wasirudi kwao. Mwezi Novemba mwaka huo Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, waliondoka kwa kukataa kuwalisha wauaji. Raia wasio na kosa walibaki, na wao ndio walioteseka zaidi. Kwa hiyo ulizeni, ila ulizeni mtu mmojammoja, na jibu la mtu mmoja lisiandikwe kwenye faili la jirani yake.

Siku ya pili nilirudi darasani na ile nakala ya Katiba. Sikumtaja aliyetukana wala aliyetukanwa. Niliandika kifungu cha 17 ubaoni kwa Kiingereza, tukakitafsiri pamoja kwa Kiswahili na Kichewa, tukashindana juu ya tafsiri ya neno la kuzuia. Kisha nikawaeleza habari za mwalimu wa Taba. Nikawaambia kwamba mahakama ilimhukumu yeye kwa jina lake, na kwamba watoto wa Taba hawakuandikwa katika hukumu hiyo.

Yule aliyetukanwa, binti wa miaka kumi na minne, akanyosha mkono. "Mwalimu, kifungu hiki ni cha Wamalawi. Sisi kinatuhusu?"

Nikamwambia aje ubaoni akisome upya, atafute palipoandikwa raia. Alikisoma mara mbili kwa kidole, neno baada ya neno. "Hapajaandikwa," akasema, akarudi kuketi. Mwenzake wa jana alikuwa amesogea, amemwachia nafasi upande wa dirisha.